Tundu la Ndani

Kila Jumatatu asubuhi, kabla hata ya chai, mpimaji wa injini aliupima mzani wake. Madereva wakisikia hivyo walicheka. Mzani nao unapimwa? Aliwaacha wacheke. Mtu anayeamini kifaa kwa sababu tu ni cha chuma na kinawaka taa ni wa kuonewa huruma, na katika miaka kumi na minne ya kazi hakuna aliyewahi kumwonea huruma yeye. Walimwita Bi Mizani, mbele yake na nyuma yake, na jina hilo alilipenda kuliko alivyokubali.

Mashine yenyewe ilijaza chumba kizima nyuma ya karakana. Injini ya lori hufungwa juu ya kitanda cha chuma na kuunganishwa na pipa zito lenye mapanga na maji ndani. Maji yale yanaibana injini jinsi mlima unavyoibana. Pipa nalo linataka kuzunguka pamoja na injini, lakini linazuiwa na mkono wa chuma uliotoka ubavuni mwake, na kadiri mkono huo unavyosukumwa ndivyo namba inavyopanda kwenye skrini. Namba hiyo si mwendo wala si kelele, na wale wanaokanyaga mafuta uani wakidhani wanaonyesha nguvu hawajui walifanyalo. Ni nguvu ya kuzungusha, ile inayoling'oa lori lenye mzigo mahali liliposimama na kulipandisha mlima bila kuhema.

Kuupima mzani ni kazi ya dakika kumi. Vyuma vya uzito unaojulikana vinaning'inizwa kwenye mkono, katika tundu lililo mita moja kamili kutoka katikati ya pipa, na skrini inatakiwa isome elfu moja. Ikisoma elfu moja, kazi inaanza.

Jumatatu hiyo ilisoma elfu moja mia moja na kumi na moja.

Alivishusha vyuma, akavifuta vumbi, akavining'iniza tena. Namba ilikuwa ileile. Akazima mashine, akaiwasha. Ileile. "Umeamkaje leo, wewe?" akaiuliza, kama anayemsemesha mgonjwa, na ndipo alipotazama chini akaona sakafu tupu.

Ijumaa iliyopita fundi bomba alikuwa amekuja kuziba bomba la maji ya kupozea lililokuwa likivuja. Aliona bomba limepita sakafuni, moja kwa moja chini ya mkono wa mzani, akatikisa kichwa na kuuliza ni adui gani aliyeliweka pale, kisha akalihamishia ukutani. Bomba hilo lilikuwa limekaa pale miezi minane. Kwa miezi minane vyuma vingeligonga kama vingetundikwa kwenye tundu la nje, kwa hiyo vilikuwa vikitundikwa kwenye tundu la ndani, sentimita kumi nyuma yake. Leo nafasi ilikuwepo, na mikono ya Bi Mizani ikarudi yenyewe mahali ilipopazoea tangu zamani.

Akakaa juu ya sanduku la spana.

Hakuhitaji karatasi kupiga hesabu ile. Kompyuta ilikuwa inaamini vyuma viko mita moja, navyo vilikuwa sentimita tisini. Kila Jumatatu aliilazimisha isome elfu moja pale ambapo ukweli ulikuwa mia tisa. Kila injini iliyopita chumba hiki tangu bomba liwekwe ilionekana ina nguvu isiyokuwa nayo. Iliyochoka ilitoka nzima. Akalifungua daftari lake, akarudi nyuma ukurasa baada ya ukurasa hadi wiki ile ya bomba, na pembeni, kwa penseli, kwa mwandiko wake mwenyewe, akakuta maneno haya: *Tundu la ndani. Kumbuka kubadilisha urefu.*

Alijua. Hilo ndilo lililomchoma. Asingekuwa anajua angejiita mjinga na ujinga una dawa. Siku ile alijua, akaandika, na malori sita yalikuwa yamepanga foleni uani huku meneja akichungulia dirishani kila baada ya robo saa. Kesho, alijiambia. Kesho ikawa Jumatatu nyingine, na mikono ikazoea.

Akahesabu injini. Arobaini na moja. Kidole kikateremka kwenye orodha hadi ya ishirini na tisa, kikaganda hapo. Ilikuwa injini ya lori la kaka yake.

Kaka yake huyo, wa tumbo moja, mkubwa wake kwa miaka tisa, alikuwa dereva ambaye wenzake walimwita Taratibu. Hawakumsifu. Walikuwa wakimkejeli, maana alikuwa hapigi honi, hapitani na mtu kwenye kona, na safari ya saa nane yeye aliimaliza kwa saa kumi. Yeye ndiye aliyemfundisha Bi Mizani neno la kwanza la kazi hii, kabla ya shule yoyote. Alikuwa msichana mwembamba, amening'inia kwenye spana ya magurudumu kama nguo kwenye kamba, na nati haitaki kusikia. Kaka akachukua kipande cha bomba, akakivisha kwenye mpini wa spana ukawa mrefu maradufu. "Sukuma sasa." Nati ikalia, ikaachia. "Umeona? Wewe ni yuleyule. Kilichozidi ni urefu." Mwaka Bi Mizani alipoajiriwa hapa alisimulia kisa hicho kwa kila aliyetaka kusikia na kwa wasiotaka pia.

Miezi mitatu iliyopita kaka alilileta lori mwenyewe. Alisimama mlangoni mwa chumba hiki, kofia mkononi, na nyuma yake alisimama Kipara, utingo wake wa miaka kumi na mmoja, mtu wa makamo mwenye kichwa kinachong'aa na mdomo usiopumzika.

"Mdogo wangu, linachoka mizunguko ikiwa chini," kaka alisema. "Mizunguko ikiwa juu linakwenda vizuri tu. Lakini kule mlimani, pale kwenye kona ya pili, nilikuwa napita na gia ya tatu miaka yote. Sasa hivi linaniomba ya pili."

"Sema ukweli," Kipara akadakia. "Linaomba ya pili, halafu linaomba dua."

Bi Mizani alicheka. Injini ikatolewa, ikafungwa kitandani, ikabanwa. Kitabu cha watengenezaji kilitaka elfu mbili kwenye mizunguko elfu moja na mia mbili kwa dakika. Skrini ilitoa elfu moja mia tisa na tisini. Akamgeuzia kaka skrini aione mwenyewe.

"Injini haina neno, kaka. Angalia mguu wako. Labda umeanza kuzeeka, unachelewa kukanyaga."

"Nimelipanda lile lori kabla hujaota meno ya juu."

"Mzani haujui umri wa mtu. Umesema ni nzima."

Alilisema hilo mbele ya mafundi wanne na kwa sauti ya kufurahia, maana ni nani asiyependa, angalau mara moja, kumshinda mkubwa wake? Kaka aliitazama ile namba kwa muda. Kisha akavaa kofia.

Wiki mbili baadaye, kwenye kona ya pili, mvua ikiwa imetoka kukatika, lori liliishiwa nguvu likiwa na mzigo kamili. Kaka akashusha gia, injini ikazimika kabla gia haijakaa. Breki zilishika. Kipara akaruka chini na kigingi cha mbao, kama alivyofanya mara mia katika maisha yake, akakimbilia gurudumu la nyuma kuliwekea kizuizi. Breki zilishika, lakini tairi ziliteleza juu ya tope. Kipara alikuwa ameinama.

Walipofanya uchunguzi walisoma karatasi mbili. Moja ilikuwa ya hali ya breki. Nyingine ilikuwa ya Bi Mizani, na saini yake chini. Injini nzima, breki nzima, kimebaki nini? Wakaandika kwamba dereva alichelewa kushusha gia. Kaka hakubisha. Walimwuliza kama ana la kusema, akasema hapana.

Tangu hapo alikuwa anakaa nyumbani. Leseni yake ilikuwa juu ya kabati na hakuna aliyemnyang'anya. Jumapili iliyotangulia Bi Mizani alikwenda kumwona, na wifi yake alimvuta hadi jikoni, akafunga mlango.

"Wifi, kaka yako usiku halali na mchana haongei. Mimi nimezoea. Lakini hebu chungulia pale."

Kwenye mwanya wa mlango alimwona kaka ameketi mezani, sahani mbele yake haijaguswa. Mkono wake ulikuwa umeshika hewa, vidole vimekunjwa kana kwamba vimefunika kitu cha duara. Mkono ukaenda mbele, ukarudi. Ukaenda mbele, ukarudi. Ya tatu, ya pili. Ya tatu, ya pili.

"Anatafuta alipokosea," wifi alisema. "Kutwa nzima anatafuta. Ananiambia, mke wangu, nimemuua Kipara kwa nusu sekunde."

Hayo yalikuwa jana. Leo, juu ya sanduku la spana, Bi Mizani alikumbuka mkono ule, na kilio kikamjia bila kubisha hodi. Alilia kama mtoto, mdomo wazi, mpaka kamasi zikamtoka. Kisha akajifuta kwa mkono wa ovaroli, akalichukua daftari, akaenda kwa meneja.

Meneja hakuwa mtu mbaya. Alisikiliza hadi mwisho, akaomba aelezwe tena, akavua miwani.

"Mashine inaweza kurekebishwa leo?"

"Nimesharekebisha."

"Basi tuanzie leo. Za nyuma tuziache. Arobaini na moja, dada yangu! Unataka tumwage unga sote?"

"Nataka zipigiwe simu zote arobaini na moja. Kuna madereva wanapanda milima na karatasi yangu mfukoni."

"Wengi ni wazima hata ukipunguza hiyo asilimia yako. Hujui kama kuna aliyedhurika."

"Namjua mmoja," alisema. "Na mwingine amezikwa."

Meneja akavaa tena miwani. Alijua kaka yake ni nani, na alijua pia nani aliyeamuru bomba lipite pale ili kuokoa siku mbili za kazi. Mwishowe alivuta simu karibu na kuomba ile orodha. Alifanya hivyo kwa shingo upande, lakini alifanya. Bi Mizani akaomba na jambo la pili, injini ya lori lile, iliyokuwa imelazwa stoo tangu siku ya ajali, ifungwe kitandani mchana huohuo. Akaomba pia ufunguo wa pikapu ya karakana.

Kaka alikataa kupanda pikapu. Hakupandisha sauti. Alisema tu kwamba atatembea, na ni kweli alitembea, nusu saa nzima, Bi Mizani akiendesha nyuma yake polepole kama anayesindikiza jeneza. Watu walisimama vibarazani kuwatazama. Hakuna aliyethubutu kutania.

Alipofika alisimama palepale mlangoni, kofia mkononi. Tofauti ni kwamba nyuma yake hapakuwa na mtu.

"Umeniitia nini, mdogo wangu? Kama ni kunionyesha tena kwamba injini ni nzima, mimi nimekubali. Nimekubali zamani."

"Njoo uning'inize vyuma."

Alimtazama asielewe, lakini mikono ya mtu wa kazi haikatai kazi. Akavinyanyua vyuma kimoja kimoja, akavipachika kwenye tundu la nje. Skrini ikasoma elfu moja.

"Vizuri. Sasa vihamishie tundu la ndani."

Akahamisha. Skrini ikasoma mia tisa.

"Ni vyuma vilevile," kaka alisema.

"Ni vyuma vilevile. Kilichopungua ni urefu."

Akamwona anashtuka kidogo, kama mtu aliyeitwa kwa jina lake la utotoni. Hakumpa nafasi ya kuuliza, maana alijua akisita hatasema tena. Wakaingia nyuma ya kioo, akawasha injini. Aliiacha ipate joto hadi mafuta yalipolainika. Akaipandisha hadi mizunguko elfu moja na mia nane, kisha akafungulia maji kidogo kidogo. Sakafu ikatetemeka. Injini ikaanza kushuka huku ikisukuma, elfu moja na mia sita, elfu moja na mia nne, na mstari mwekundu ukajichora kwenye skrini. Mstari wa injini nzima hupanda mapema na kukaa juu, bapa, kama mgongo wa ng'ombe. Huu ulipanda ukafika nusu ya kilima, ukalegea. Kaka hakuwa anautazama. Alikuwa amefumba macho anasikiliza.

"Hapo," akasema, kabla namba haijatulia. "Hapo ndipo inapochoka. Hapohapo."

Kwenye mizunguko elfu moja na mia mbili, skrini ilisoma elfu moja mia saba na themanini na nane.

Bi Mizani akazima. Akalifungua daftari kwenye ukurasa wa penseli, akaliweka mbele ya kaka yake, akaanza kusema. Alisema yote bila kujitetea, bomba, tundu, foleni ya malori, kesho ambayo haikufika. Alisema kwamba siku ile injini ilikuwa pungufu kwa sehemu moja ya kumi, kwamba kaka alikuja akamweleza kwa mdomo wake ni wapi na kwenye gia gani, naye akamcheka mbele ya watu. Alisema kwamba hakuna aliyechelewa kushusha gia. Gia ile isingehitaji kushushwa kama injini ingekuwa nzima.

"Hukukosea, kaka. Mkono wako haukukosea kitu. Aliyekosea ni mimi."

Kaka aliyasoma maneno ya penseli. Aliyasoma tena, kidole kikifuata herufi. Alipoinua uso haukuwa uso wa mtu aliyetuliwa mzigo, kama dada yake alivyokuwa ameomba moyoni njia nzima.

"Unajua siku ile tulipotoka hapa," akasema, "Kipara alitaka tupunguze mzigo. Alisema, bosi, namba ni namba, lakini mimi nimelisikia hili lori linavyolia. Tushushe magunia ishirini, turudie kesho." Akautazama tena ule ukurasa. "Nikamwambia, dada yangu amepima. Basi. Hakuuliza tena. Alikuwa anakuamini kuliko mimi, yule. Alikuwa anawaambia watu kwamba bosi wake ana dada anayepima injini."

Bi Mizani alitaka kusema nisamehe. Akalizuia neno hilo, kwa sababu aliona lingemtwika kaka kazi nyingine, kazi ya kujibu. Akasimama tu, mikono imening'inia, machozi yakimtiririka asiyafute.

Maji yalikuwa yakidondoka ndani ya pipa.

"Mkewe anajua?" kaka aliuliza.

"Bado. Nitakwenda mwenyewe. Leo."

"Anaamini mimi ndiye niliyemuua mumewe. Nilikwenda msibani nikasimama mbele yake nikamwambia mimi." Akalifunga daftari, akamkabidhi. "Nyumba yake huijui."

"Nitauliza."

"Hutauliza. Nitakuwepo. Lakini utakayesema ni wewe. Usipunguze kitu, na usinitaje mimi kwa uzuri."

"Sawa, kaka."

Wakatoka uani. Mafundi walikuwa wameacha kazi, wamesimama na spana mikononi, wanatazama chini. Kaka alikwenda moja kwa moja kwenye pikapu, akazunguka upande wa abiria, akaufungua mlango. Bi Mizani akadhani anataka kupanda. Akamwona ameushika tu, anamngoja yeye aingie. Aliingia, akaketi na daftari mapajani. Kaka akafunga mlango, akazunguka upande wa pili, akakaa nyuma ya usukani, akanyoosha kiganja.

"Ufunguo."

Akampa. Mkono wa kaka ukakaa juu ya gia. Hakumtazama dada yake wala hakumwambia neno la kumfariji, na dada naye hakulitafuta. Gari likawaka. Mkono ule uliokuwa ukichezea hewa kwa wiki kumi ukaenda mbele mara moja, gia ikaingia, wakaondoka taratibu kuelekea kwa mjane wa Kipara.